Sange na Geti la Kifaru

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Kisima chenye geti, na geti lenye kompyuta!

Basi kiangazi kilikuwa kikali, na kisima kimoja tu kilibaki na maji. Geti lake liliendeshwa na programu ya Kifaru. Ada ya kisima ilikuwa hii: aliyetia mkono kwenye ujenzi wa geti hunywa, wengine husubiri huruma yake. Na huruma ya Kifaru, mmh! Alikunywa, akaoga, akafunga.

Sange, kale kanyama kenye pua kama mrija, alikuwa na watoto watatu waliokauka midomo. Akaapa, "Leo watakunywa."

Akaenda. "Shikamoo, Mzee Kifaru. Geti hili umelijenga na nani?"

"Peke yangu! Ondoka!"

Akaondoka. Akarudi. "Shikamoo, Mzee Kifaru. Geti hili umelijenga na nani?"

"Peke yangu! Ondoka!"

Akaondoka. Akarudi. "Shikamoo, Mzee Kifaru. Nimekuja kukusifu. Nifungulie faili la ujenzi, niitaje kazi yako kipande kwa kipande, wote wasikie."

Kusifiwa! Kifaru akafungua mbio mbio. Faili lilikuwa na mistari elfu, hakuna aliyewahi kulisoma. Lakini Sange alikuwa na chombo chake cha amri moja, jina lake Chambua. Ukikipa faili, kinakutajia kila programu ya mwenzio uliyoiegemea. Akaandika amri, ta-ta-ta, tu! Orodha ikamwagika, churururu.

Sange akasoma kwa sauti. "Bawaba, kazi ya Kobe. Bawaba inategemea Kufuli, kazi ya Kanga. Kufuli inategemea Msumari, kazi ya... lo! Kazi yangu mimi!"

"Kumbe!" wakaguna wanyama waliokusanyika kusikiliza.

Kifaru akafura. "Uongo! Ving'oe vyote! Geti langu linasimama lenyewe!"

"Vyote visivyo vyako, Mzee?"

"Vyote!"

"Ni amri?"

"Ni amri!"

Ta-ta-ta, tu! Programu ikajengwa upya. Ikabaki na mstari mmoja tu, ule alioandika Kifaru kwa kwato zake: *Karibu, Kifaru.*

Kwaa! Geti likaachia, likalala chini. Chubwi, chubwi! Watoto wa Sange wakanywa mpaka matumbo yakalia gudu-gudu. Kifaru akabaki kwenye kompyuta, anasoma jina lake.

Ngano yangu imefika kisimani, nami koo limenikauka. Aliye karibu na mtungi anipe maji. Funzo? Watoto wangu, kazi ikifanywa na wengi, andika jina lako peke yako. Ila faili, usimfungulie Sange.