Tusubiri Kidogo, Shemeji

Ndugu zangu, leo sitawahesabia mafungu ya mirathi. Mafungu mnayajua. Wengine mnayajua vizuri zaidi pale yanapoelekea upande wenu, lakini hilo tuliache kwa leo. Nataka niwape mfano wa mtu mwema. Nasema mwema makusudi, kwa sababu tumezoea mawaidha ya mirathi yanayomsema mwizi, na tukishasikia mwizi kila mmoja anakaa vizuri kwenye mkeka wake, anajua hasemwi yeye.

Mtu huyu alikuwa mkulima wa michungwa. Mdogo wake aliugua siku chache tu, akafariki. Akaacha mke, mabinti wawili wa shule ya msingi, nyumba, na shamba lililoanzia barabarani likashuka mpaka bondeni. Ukoo ukakaa, ukamteua yeye kaka mtu awe msimamizi wa mirathi. Hakuna aliyepinga. Angepingwa kwa lipi? Ndiye aliyeingia kaburini kumlaza mdogo wake. Ndiye aliyehakikisha siku zote za msiba hakuna mgeni aliyelala na njaa. Alilia mbele za watu, na hakuwa mtu wa kulia.

Shangazi yao akampa ushauri. Akamwambia kwamba kila Jumatano pale ofisi ya kata huja wakili, mama mmoja, anayewasaidia bure watu wenye mambo ya mirathi. Aende kwanza akamwulize hatua za kufuata, kisha mahakamani akapate barua ya usimamizi, ndipo wagawe. Kaka mtu akamjibu kwa upole.

"Shangazi, wakili ni wa watu wanaogombana. Sisi hatugombani."

Mmelisikia neno hilo? Ni neno zuri, la mtu anayependa ndugu zake. Wangapi humu ndani tumelisema? Mimi nimelisema, tena kwa kujisifu.

Basi ikafika arobaini. Arobaini zetu mnazijua. Ndugu wametoka mbali, hitma imesomwa, pilau imeliwa, na wapo wanaotazama saa kwa ajili ya basi. Msimamizi akaona heri mambo yaishe siku hiyohiyo watu wote wakiwepo, asije akasemwa kwamba amekalia mali ya marehemu. Hilo ndilo lililomkimbiza, ndugu zangu. Hakuwa na tamaa. Aliogopa kusemwa.

Wanaume wakakaa barazani. Mjane yumo eda, yuko chumbani, pazia limeshushwa mlangoni. Mafungu yakasomwa: mke apate moja ya nane, mabinti wawili wapate theluthi mbili, na kinachobaki kiende kwa kaka wa marehemu, kwa kuwa marehemu hakuacha mtoto wa kiume. Hesabu ilikuwa sawa. Hata mimi ningekuwepo ningesema iko sawa.

Msimamizi, kwa heshima yake, akageukia pazia akauliza kama shemeji yake ameridhika. Kisha ikatoka sauti ndogo.

"Shemeji, naomba tusubiri kidogo."

"Tusubiri nini, shemeji? Watu wana safari."

Hakujibu. Angejibu vipi? Pale nje wamekaa wanaume kumi na saba, wazee na binamu wa ukoo wa mumewe. Yeye ana siku arobaini tangu amzike mumewe. Neno alilokuwa nalo kifuani si la kutamkwa mbele ya wakwe, tena mwenyewe alikuwa bado hana hakika nalo. Mmoja wa wazee akasema ni majonzi hayo, tumwombee subira. Wakamwombea subira. Wakaandika kwenye karatasi ya kikao kwamba warithi wote walikuwepo na hakuna aliyepinga. Wakachukua kamba ya katani, wakaenda kupima shamba.

Kipande cha msimamizi kikaangukia mbele, kando ya barabara, kimegusana na ukuta wa msikiti. Sasa mtazameni mtu mwema. Msikiti ule ulikuwa mdogo, na kila Ijumaa nusu ya watu waliswali juani. Naye hakutaka kunufaika na kifo cha mdogo wake. Akasimama palepale shambani, kamba bado iko mkononi, akakitoa kipande chote kiwe wakfu wa msikiti, thawabu zimwendee marehemu. Watu wakasema amin, na wapo waliofuta machozi. Wiki ya pili michungwa saba ikakatwa, nguzo zikasimama, bati likapanda, mikeka ikatandikwa. Ijumaa ile hakuna aliyeswali juani.

Miezi sita baadaye mjane akajifungua mtoto wa kiume.

Kijiji kikafurahi. Mtoto akapewa jina la baba yake, na baba yake mkubwa ndiye aliyemwadhinia sikioni. Lakini alipokuwa amempakata, kabla hajamrudisha kwa mama yake, akaikumbuka ile sauti ya nyuma ya pazia. Tusubiri kidogo. Akawakabidhi wanawake mtoto, akatoka bila kungoja chai.

Jumatano akaenda kata mwenyewe, hakutumwa na mtu. Akamweleza yule mama wakili kila kitu, akampa karatasi ya kikao. Mama akaisoma mara mbili.

"Mzee wangu, hapa mmeandika warithi wote walikuwepo. Mjane alikuwa wapi?"

"Chumbani, mwanangu. Nyuma ya pazia."

"Basi ni kweli walikuwepo wote. Na huyu alikuwepo, tumboni mwa mama yake. Ila hamkumwuliza mama yake."

Akamweleza taratibu, kama mtu anavyomweleza mzazi wake. Kwamba mtoto aliye tumboni baba yake anapofariki ni mrithi, na mgao humsubiri azaliwe. Kwamba akizaliwa wa kiume, kaka wa marehemu hana fungu. Kwa hiyo kile kipande cha barabarani hakikuwa chake hata siku moja, na asiyekuwa na kitu hana cha kutoa wakfu. Akamwambia pia kwamba swali la kwanza analomwuliza kila msimamizi ni kama mjane ana mimba. Huliuliza hata kama mjane ni bibi wa miaka sabini, na watu humcheka, naye huwaacha wacheke.

Kisha akamwambia jambo moja zaidi. Mabinti fungu lao lingepungua kwa kuzaliwa ndugu yao, na yeye mzee lake lingeondoka kabisa. Fungu la mjane lingebaki moja ya nane, vilevile. Mnalipata hilo? Aliyeomba tusubiri ndiye ambaye kusubiri kusingemwongezea hata mti mmoja. Na watu kama sisi wakamwombea subira.

Ijumaa, baada ya swala, mzee akasimama chini ya lile bati akawaeleza watu. Minong'ono ikaanza. Mmoja akasema ardhi ikishakuwa ya Mungu hairudi. Mzee akamjibu kwamba Mungu hakuwahi kupewa, aliyechukuliwa ni yatima. Mwingine akasema basi tumwendee mjane tumwombe asamehe, ni mama mwenye dini, hatakataa. Wakaenda wazee watano, pamoja na mwenyewe. Eda ilikwisha kwa uzazi, pazia limefungwa pembeni. Mama akatoka na mtoto mkononi, akawakaribisha, akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Wazee wangu, kingekuwa changu ningewapa leo. Si changu. Mwenyewe ndiye huyu, na hajajua kusema."

Wale wazee wakatazamana. Kwenye baraza ileile ambako siku ile walikuwa na maneno mengi na haraka nyingi, wakakaa hawana la kusema, na mtoto amelala.

Bati likashushwa wiki ile. Nguzo zikang'olewa. Mzee akarudi kata Jumatano nne mfululizo, yule mama akamsaidia kuandika upya kikao, kuorodhesha mali na kupeleka maombi mahakamani, mpaka barua ya usimamizi ikatoka na mgao ukafanywa mara ya pili. Safari hii mjane alikaa barazani, kwenye kiti. Lakini michungwa saba nani aliirudisha? Mzee alipanda miche saba kwa mkono wake, akaimwagilia kila asubuhi, akijua kwamba mpaka ije kuzaa, mtoto yule atakuwa anakimbia na kuuliza nani aliikata ya kwanza. Na kila Ijumaa, hata siku ambazo ndani palikuwa na nafasi, alitandika mkeka wake nje, juani, hatua moja kutoka mpaka wa yatima.

Watu wakipita walidhani anaadhibiwa kwa wizi. Hakuiba, ndugu zangu. Hakuuliza tu.

Sasa na tujitazame sisi. Sisi ambao mtu akitutajia wakili tunauliza kuna ugomvi gani. Mfano wangu haukuwa na ugomvi hata chembe. Watu walipendana, wakasoma hitma, wakatoa wakfu, wakamwondolea yatima shamba lake kwa upendo kabisa. Huyo mama wa kata hayupo kwa ajili ya wagomvi peke yao, maana wagomvi wana midomo yao. Yupo kwa ajili ya asiyeweza kusema: aliye tumboni, aliye nyuma ya pazia, aliye shuleni hajui anagawiwa nini, na marehemu mwenyewe. Kwenda kuuliza kwake hakumaanishi kwamba humwamini ndugu yako. Ni kukiri kwamba hujui, na hilo mbona linatuwia zito hivi?

Nami niseme langu, nisijifiche nyuma ya mfano. Nimepokea wakfu hapa za marehemu, si mara moja. Nikainua mikono, nikaomba, mkasema amin. Sikuuliza mirathi imekwendaje. Sikuuliza kama mjane alisikilizwa. Nimekosa, na namwomba Mungu anisamehe, na wale niliowakosea wanisamehe wenyewe, maana siwezi kusamehewa na mwingine kwa niaba yao. Kuanzia leo, ukija na ardhi ya marehemu nitakuuliza barua ya usimamizi iko wapi. Ukinuna, nuna.

Mwisho. Jumapili kuna arobaini hapa mtaani kwetu. Wenyewe mmo humu, na nimeambiwa wageni wanarudi na basi la saa kumi. Nitakuja. Nitasoma hitma pamoja nanyi, na pilau yenu nitakula. Lakini ile kamba ya kupimia iacheni ilipo. Na kabla hatujainuka, mtu mmoja aende mlangoni kwa mjane, awe mwanamke mwenzake, akae naye chini, amwulize, na asiangalie saa.