Anayelia Ana Pumzi

Kifuniko cha sufuria kilianguka gizani, kikazunguka sakafuni, kikatulia. Umeme ulikuwa umekatika jioni ile, na wajukuu wawili wa Bibi Nsubisi walikuwa wamegongana mlangoni pa jiko. Lugano akaangua kilio cha kuita mtaa mzima. Bibi akampita, akapapasa mpaka mkono wake ukagusa kifua cha Atu, aliyekuwa kimya. Aliposikia kinapanda na kushuka, akasema, "Anayelia ana pumzi, mtafute aliyenyamaza."

Lugano akanuna, akauliza ni nani aliyetunga maneno makavu namna hiyo. Bibi akawaketisha wote wawili mkekani, akawaambia methali hii ilianza na mwanamke mmoja na ufagio wake.

Mwanamke huyo aliitwa Tupokigwe, mhudumu wa usafi katika zahanati ya shamba la chai. Miaka kumi na minne alikuwa akifua mashuka na kupiga deki huku wauguzi wakifanya kazi mbele yake, na macho yake hayakuwa ya kupambia uso. Siku moja ya mvua, trekta lililobeba wachumaji liliteleza kwenye kona, tela likapinduka. Majeruhi wakaletwa zahanati, na pamoja nao msimamizi wa shamba, Bwana Mwakisyala, aliyekuwa amekaa mbele kwa dereva. Alikuwa amevunjika mkono.

Basi pale shambani, mkubwa akipatwa na jambo, lazima apewe pole kwanza. Tabibu akaenda kutoa pole, wauguzi wawili wakaenda, hata karani akaacha dirisha lake akaenda. Mkubwa naye akapaza sauti kwamba anakufa, ingawa alipata nafasi ya kuuliza ni nani aliyekanyaga koti lake.

Nje, kwenye benchi, alikuwa amelazwa chali msichana mchumaji, Syabumi. Karani alikuwa amemruka daftarini kwa sababu alipoulizwa jina hakujibu. Asiye na jina hana kadi, na asiye na kadi haitwi. Watu wakasema mwacheni, amepitiwa na usingizi kwa uchovu.

Tupokigwe alikuwa akipita na ndoo. Akasikia koo likikoroma, kama maji yanayochemka chini ya kifuniko. Akaona damu pembeni mwa mdomo, na midomo inageuka rangi. Akaenda kumwambia tabibu. Tabibu akamjibu bila kugeuka kwamba asubiri, mkubwa ana maumivu. Akarudi mara ya pili. Safari hii alijibiwa na Mwakisyala mwenyewe.

"Wewe mama wa ufagio, huoni watu wanauguza?"

"Naona, mzee. Naona watu wanne juu ya mkono mmoja."

"Mimi nakufa hapa."

"Wewe hufi. Anayelia ana pumzi. Anayekufa yuko nje, amenyamaza, na hapana aliyeuliza jina lake hata kwa jirani yake."

Hakungoja jibu. Alirudi benchini, akamwambia mchumaji mmoja akishike kichwa ili shingo isijipinde, wakamgeuza msichana ubavu, mwili mzima kwa pamoja kama gogo. Damu ikamwagika, naye akaufuta mdomo kwa kitambaa safi. Pumzi ikaingia kwa kishindo. Ndipo tabibu akaja mbio na mashine ya kufyonza damu kooni, uso umemshuka. Syabumi akapona.

Mngedhani Tupokigwe alishukuriwa. Siku ya nne alipewa barua ya kutakiwa ajieleze kwa nini alimvunjia mkubwa heshima mbele ya watumishi. Uhai wa Syabumi haukutajwa popote katika barua ile. Neno heshima lilitajwa mara tatu. Tupokigwe alikuwa amejifunza kuandika ukubwani, katika darasa la jioni, na mwandiko wake ulikuwa mzito. Akajibu kwa mstari mmoja tu. Muuguzi mmoja akaunakili na kuubandika mlangoni, wachumaji wakausoma, wakaenda nao majumbani.

Sauti ya Bibi ilikuwa imekakamaa, kama ya mtu ambaye hadi leo hajasamehe. "Aliandika hivi," akasema. "Anayelia ana pumzi, mtafute aliyenyamaza."

Lugano alikuwa ameacha kununa. Giza bado lilikuwa limetanda, na Atu, ambaye hakuwa ametamka neno tangu kifuniko kianguke, akasogea karibu.

"Bibi, siku nikinyamaza, uje."