Mafuriko ya Mzee Komora

Mto ulipofurika, vijiji vizima vilihamia uwanja wa shule, na boti ikawaletea unga wa msaada. Mzee Komora, ambaye jumba lake la kilimani halikulowa hata kizingiti, alijimwagia ndoo ya maji, akapanga foleni.

Nyuma yake Bi Habona, mjane asiyeishiwa maneno, alimtazama akichuruzika.

“Pole, mzee. Na nyumba imekwenda?”

“Imekwenda na maji, mama! Nyumba, mbuzi, ghala la mchele, hata punda!”

“Wallahi?”

“Wallahi! Watu wote hawa mashahidi!”

“Jamani, tumpishe,” Bi Habona alisihi. “Apewe magunia mawili.”

Akapewa. Na kwa kuwa alikuwa amekwisha kumzamisha punda kwa mdomo, aliyaburuta mwenyewe mpaka jioni.

Alipofika kwake, kambi nzima ilikuwa barazani. Pilau ilinukia, mbuzi alikuwa mkaani, na punda alikuwa akizungusha watoto uani.

“Wezi! Tokeni nyumbani kwangu!”

“Yako si ilibebwa na maji?” Bi Habona alishangaa, mwiko mkononi. “Na desturi ya mto unaijua, mzee: kilichochukuliwa na maji ni cha aliyekiokota. Hii tumeiokota sisi. Lakini karibu, mgeni hafukuzwi. Hayo magunia yapeleke jikoni, maana unga tu ndio tuliokuwa tumekosa.”