Karani Sange na Mawe Elfu ya Kiboko

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na nini?
— Pakawa na kiu!

Hapo kale wanyama wote walikunywa maji ya bwawa moja, kwa zamu. Sange, yule mdogo mwenye pua ndefu kama kimkonga, ndiye aliyekuwa karani. Kila aliyekunywa, Sange alimwandika. Mkuu wa bwawa alikuwa Kiboko, na sheria ilikuwa yake: "Andiko la zamani lisiguswe! Kila mstari mpya, jiwe jipya, popote penye nafasi!"

Kwa kuandika majina ya mababu, sheria ilifaa: mvua ikikukatiza ukiandika, andiko la zamani lipo salama. Lakini habari za bwawa ziliongezeka kutwa kucha! Mstari huu kichakani, ule mlimani, ule chini ya mavi ya tembo.

Siku moja bwawa likakutwa kavu. Mtoto wa Swala akafa kwa kiu.

"Sange, tusomee!" wanyama wakapaza sauti. "Nani alikunywa jana?"

Sange akatimka. Tu-tu-tu, kichakani. Tu-tu-tu, mlimani. Tu-tu-tu, bondeni. Jua likazama hajafika hata adhuhuri ya jana.

"Karani mvivu!" Kiboko akacheua, bwooo! "Kesi nimeifuta."

Mama Swala akamtazama Sange. Sange akawaka hasira. Mvivu? Yeye, mwenye malengelenge miguu yote minne? Na huyu, anacheua maji ya nani?

Kesho yake akaenda kwa Kiboko, akainama. "Shikamoo, Mkuu. Matendo yako makubwa yametawanyika ovyo. Wajukuu watayasomaje? Nipe lile jabali refu, liwe lako peke yako. Mistari ifuatane, na sheria ya mawe isilihusu."

Kiboko akavimba. "Andika yote! Usiache hata moja!"

"Hata moja, Mkuu."

Akaandika. Krr-krr-krr.

Bwawa likakauka tena. Wanyama wakakusanyika. Sange akasimama jabalini, akasoma kwa pumzi moja: "Alfajiri, Mkuu kanywa. Asubuhi, Mkuu kanywa. Adhuhuri, zamu ya Swala, Mkuu kanywa. Alasiri, Mkuu kalamba matope."

"Nani kakutuma uandike hayo?"

"Wewe, Mkuu."

Mama Swala ndiye aliyeanza kumtimua Kiboko. Wengine wakafuata, puku-puku-puku, hadi ng'ambo ya milima.

Basi funzo, enyi wenye masikio: wakubwa hawakosei kamwe, na karani mwema ni yule asiyeandika kitu.

Ngano yangu imegota hapo. Mwenye kununa, akanunie kwao!