Fisi, Mwalimu wa Nidhamu

Siku zile wanyama walipokuwa bado wanakwenda shule, ukame mbaya uliingia katika nchi ya mbugani. Mvua za vuli ziliwapita juu kwa juu, mto ukabaki mchanga mtupu, na nyasi zikakauka hadi zikawa zinachoma ufizi. Wakubwa wakakubaliana kwamba mwezi ukiandama watahamia wote Ziwa la Mbali, na watoto watatembea katikati ya msafara.

Kazi ya kuwaandaa watoto kwa safari hiyo ilikuwa ya Mwalimu Nyati. Njiani kulikuwa na mbwa mwitu, ambao hawakuwahi kukanyaga shule na hawakuijua sheria yake ya kwanza, kwamba mwanafunzi hamli mwanafunzi mwenzake. Kwa hiyo kila mtoto alipaswa kuzijua ishara za kwato. Mwalimu akipiga chini mara moja, simama ulipo. Akipiga mara mbili, kimbilia katikati, wakubwa wakuzingire. Atakayekosea ishara ataliwa, na jambo hilo lilimkaa Nyati moyoni kutwa nzima.

Nyati alikuwa mwalimu wa mtindo wa zamani. Alifundisha huku ameshika fimbo ya mkwaju kwa meno, na aliamini kabisa kwamba somo lisiloacha alama mwilini halijaingia kichwani. Aliyemchapa kuliko wote alikuwa Sungura, kwa sababu Sungura alikuwa na maswali, na maswali yake hayakuwa na adabu. Aliwahi kuuliza kwa nini mbwa mwitu wasifundishwe kuacha kula wenzao, badala ya watoto kufundishwa kukimbia. Kwa swali lile alikaa upande upande wiki nzima.

Basi siku moja fimbo ilipotea njia, ikampata mwana wa Simba. Mfalme Simba alikuja mwenyewe shuleni, manyoya ya shingo yamemsimama, akatangaza kwamba damu ya kifalme haichapwi. Na ili asije akaambiwa anapendelea, akaongeza kwamba hakuna mtoto yeyote atakayechapwa tena. Fimbo ikavunjwa mbele ya gwaride, na watoto wakashangilia mpaka vumbi likatimka.

Kesho yake Nyati aliingia darasani mdomo mtupu. Watoto wa Nyani walikuwa wananing'inia matawini kichwa chini, watoto wa Ngiri wamechimba sakafu yote, na Sungura alikuwa amesimama juu ya jiwe la mwalimu, anafundisha. Nyati akafungua kinywa kuwatuliza, akagundua kwamba hana la kusema. Miaka yote ile fimbo ndiyo iliyokuwa ikisema kwa niaba yake. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona hofu, kwa maana mwezi ulikuwa unakaribia.

Habari za darasa kugeuka soko zilimfikia Fisi, na Fisi akasikia njaa. Mwenzetu huyu ukimtajia msiba, anauliza kuna pilau. Ukimtajia shule, anafikiria chakula cha mchana cha watoto. Akaenda kwa Simba, akapiga goti, akasema kwa sauti ya upole kwamba anaweza kuleta nidhamu bila kumgusa mtoto hata unywele. Mtoto akikosa, atatoa chakula chake cha siku hiyo, basi. Simba akauliza chakula hicho kitakwenda wapi.

"Kwenye akiba ya safari, Mfalme," akasema Fisi. "Nitaitunza mwenyewe."

Simba akapendezwa, akampa cheo cha mwalimu wa nidhamu pale pale.

Fisi alianza na sheria chache, zikazaa. Kuchelewa ni kosa, kusinzia ni kosa, kuuliza swali ni kosa kubwa. Lakini iliyomnenepesha kuliko zote ilikuwa sheria ya kutocheka. Asubuhi alipita mbele ya darasa akivuta lile kalio lake lililoinama, akijikwaa kwa makusudi na kukodoa macho, mpaka mtoto mmoja ashindwe kujizuia. Hapo uso wake uligeuka mgumu ghafla, naye akamwamuru mkosaji apeleke chakula nyuma ya kichuguu, akiache huko na arudi bila kugeuka nyuma. Mizizi ya Ngiri ikaenda, ndizi mwitu za Nyani zikaenda, nyama ya wanaokula nyama ikaenda, hata majani makavu ya Swala mdogo, ambayo Fisi hali, yakaenda, akawa anayalalia. Ni mwana wa Simba peke yake ambaye makosa yake hayakuonekana.

Darasa likawa kimya kabisa. Wageni waliopita walisifu. Nyati naye, nisiwafiche, alifurahia ukimya ule siku za mwanzo, akafundisha ishara zake bila bughudha huku watoto wakiitikia kwa vichwa.

Kisha akawatoa uwanjani kwa majaribio. Alipiga kwato mara mbili. Watoto wakakimbilia katikati, isipokuwa Swala mdogo, aliyetoka mbio kuelekea porini mpaka akapotelea kwenye vichaka. Nyati alimfuata, akamkuta chini ya mgunga, mbavu zinahesabika.

"Mwanangu, mara mbili ni katikati. Hukunielewa?"

"Sikuelewa, mwalimu."

"Mbona hukuuliza?"

Swala akatazama chini. "Sikuwa nimekula tangu juzi. Niliogopa kukosa na leo."

Nyati alirudi shuleni taratibu, roho inamuuma. Ingekuwa siku ya safari, yule mtoto angekuwa kitoweo sasa hivi. Na alipofikiri zaidi, ikamuuma zaidi, maana hata enzi za fimbo Swala hakuwahi kuuliza kitu. Alikwenda kwa Simba kumweleza, lakini Simba alimkumbusha kwamba Fisi ameteuliwa na mfalme, na mfalme hakosei kuteua. Basi ikabaki njia moja ambayo Nyati hakuipenda hata kidogo. Alikwenda kwenye shimo la Sungura, akainamisha pembe zake mlangoni, akabisha hodi.

Sungura alipoona ile pua kubwa alirudi nyuma hatua mbili. "Shikamoo mwalimu. Nimefanya nini tena?"

"Marahaba. Hujafanya kitu. Nimekuja kukuuliza." Nyati akashusha sauti. "Fisi amenishinda. Tufanye nini?"

Sungura akarudi mbele hatua moja. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu kutoka kwa mwalimu yule, isipokuwa kuulizwa. Masharubu yakamcheza kidogo.

"Mwalimu, umewahi kufikiri kwa nini chakula kinatangulizwa nyuma ya kichuguu? Kwa nini Fisi hakipokei mkononi, mbele yetu?"

Nyati akakiri hajawahi.

"Anajificha acheke. Nimemsikia mara nyingi. Fisi akiona chakula kinamjia, kicheko kinamtoka hata kabla ya mate. Hawezi kukizuia, kazaliwa nacho." Sungura akasogea karibu. "Mlete mfalme aje kuikagua nidhamu. Mengine niachie mimi na mwana wa Simba, tunasikilizana. Ila, mwalimu, tukifaulu nitaruhusiwa kuuliza?"

"Utaruhusiwa."

"Hata lile la mbwa mwitu?"

Nyati akashusha pumzi. "Hata lile."

Simba hakuhitaji kubembelezwa. Kukaguliwa kwa kitu alichokiteua mwenyewe ni kusifiwa kwa njia nyingine. Alikuja amechana manyoya, akaketi mbele. Watoto wakasimama, wakamwamkia kwa sauti moja, wakakaa, na kila mmoja akaweka chakula chake mbele yake. Mwana wa Simba alikuwa na paja la nyama, nono, mafuta yanachuruzika. Fisi akalitazama mara moja, akageuza shingo haraka kutazama mbingu.

Sungura akanyoosha mkono, akaomba ruhusa ya kumuuliza mfalme. Fisi akakohoa kwa hasira, lakini Simba akakubali.

"Mfalme, hii sheria ya kutocheka ni ya watoto tu, au ya kila aliyemo darasani?"

"Sheria inayosimama mbele yangu ni ya wote," akasema Simba kwa maringo.

"Hata ya mfalme?"

"Mfalme huwa hacheki."

Hapo mwana wa Simba akacheka. Alicheka waziwazi, kwa kituo, kama walivyopatana na Sungura, kisha akafunika mdomo kama aliyejisahau. Darasa zima likageuka kumtazama mfalme. Simba alimeza hasira yake, maana maneno ya "wote" yalikuwa hayajapoa kinywani mwake. Akamwambia mwanawe atoe chakula chake.

Mwana wa Simba alishika njia ya kwenda kwenye kichuguu, lakini Nyati alikuwa amesimama kwenye njia hiyo, na alipoamua kusimama hakuna aliyempita. "Leo mpe mkononi," akasema kwa utulivu. "Mfalme apate kuona."

Paja likaanza safari kuelekea kwa Fisi. Fisi akauma midomo. Akafikiria mazishi ya bibi yake, lakini hapo akakumbuka chakula cha mazishi, ikawa mbaya zaidi. Mabega yakaanza kumtikisika. Paja liliposogea mpaka harufu yake ikamgonga puani, kicheko kikamponyoka, kile kirefu cha kupanda na kushuka, na akishakianza hakuna breki. Alicheka mpaka akakaa chini, machozi yanamtoka, huku akitikisa kichwa kwamba hapana, hapana.

Watoto hawakucheka. Walikaa kimya, wameshika adabu kama walivyofundishwa.

"Sheria ni ya wote," akasema Sungura. "Bwana Fisi naye atoe chakula chake."

Fisi aliapa katikati ya kicheko kwamba hana chakula, kaja mikono mitupu. Simba akasema basi ailete ile akiba ya safari, atakatwa humo. Fisi akaanza kueleza kwamba akiba iko mbali, imefukiwa, njia yake ina miiba. Watoto wa Ngiri, ambao kuchimba wamezaliwa nako, walikwisha kimbilia nyuma ya kichuguu. Walirudi na mifupa, maganda ya ndizi mwitu na kitanda cha majani makavu, wakavimwaga miguuni mwa mfalme.

Simba akatazama mifupa, akatazama watoto mbavu nje, akatazama tumbo la Fisi lililogusa ardhi.

"Naona akiba imetunzwa vizuri," akasema, akasimama.

Fisi hakungoja amalize kusimama. Alitoka mbio na tumbo lake, anacheka huku anakimbia, na hakuonekana tena upande ule wa mbuga. Mfalme hakusema kwamba alikosea kuteua, na msitarajie aseme. Aliligawa paja kwa wanaokula nyama, akaamuru waliobaki walishwe kutoka ghala lake hadi siku ya safari.

Siku zilizobaki Nyati alifundisha bila fimbo wala kichuguu. Darasa halikuwa kimya, na mara nyingi kichwa kilimuuma. Swala mdogo aliuliza ishara ya pili asubuhi, akaiuliza mchana, akaiuliza tena wakati wa kufunga shule, na Nyati akamjibu kila mara, ingawa mara ya mwisho alijibu kwa kukunja uso.

Mwezi ukaandama, wakaondoka. Kwenye uwanda mtupu, mbali na kila kichaka, mbwa mwitu wakajitokeza wakikimbia kimya kimya. Nyati akapiga kwato mara mbili. Akageuka haraka kuhesabu watoto wake, na Swala mdogo alikuwa amekwisha fika katikati kabla ya wote, anawaita wenzake. Mbwa mwitu walizunguka ukuta ule wa pembe, wakachoka, wakaenda zao.

Walipofika ziwani na kunywa, Nyati aliwakusanya watoto kwenye nyasi mbichi. Akasema kuna swali moja anadaiwa, kwa nini mbwa mwitu wasifundishwe kutokula. Alikuwa amelifikiria njia nzima.

"Sungura," akasema, "jibu silijui. Labda kwa sababu hakuna mwalimu anayetaka kusimama karibu na dawati lao la mbele."

Darasa likaangua kicheko, na Nyati, ambaye hakuna mtoto aliyewahi kuona meno yake yote, akacheka nao mpaka pembe zikatikisika. Aliponyamaza alimkuta Sungura amesimama mbele yake, uso mkavu, ameunyoosha mkono.

"Sheria ni ya wote, mwalimu."

Nyati akayasukuma majani yake ya mchana mbele ya Sungura, na siku ile akashinda njaa akiwa na furaha.