Kunde za Mbegu Pangoni kwa Fisi

Mwaka ule jua liliwaka hata mto ukabaki mchanga mtupu. Wanyama walivuna kunde haba, wakaapa kutozila: ziwe mbegu za mvua ijayo. Zikipotea hizo, hakuna cha kupanda wala cha kuvuna.

Lakini kutunza mbegu kuna kazi. Huchanganywa na majivu, hufukizwa moshi na kupepetwa mara kwa mara, la sivyo wadudu fukusi huzifanya unga.

Fisi, ambaye tumbo lake halijapata kusema "basi", akajipendekeza. "Wenzangu, mnajisumbua nini? Pango langu kavu, lina mlango wa jiwe. Leteni zote, mimi nitafukiza, mimi nitapepeta. Ninyi laleni! Sharti moja tu: mlango nifungue mimi peke yangu, wasije wakaingia fukusi."

Simba akatikisa sharubu. "Vyema. Mfalme hapepeti kunde."

Nani abishe? Wote wakapeleka. Sungura alipeleka kapu moja, na jingine akalitundika juu ya jiko lake. Kutwa alikohoa, macho mekundu.

"Mjanja gani wewe, hujui hata kutumikiwa?" Simba alimcheka.

"Kikohozi nimekizoea, Mfalme wangu. Njaa ndiyo sijaizoea."

Mawingu yalipotanda, wanyama walijaa mlangoni kwa Fisi.

"Subirini, napepeta!" alipaza sauti kutoka ndani.

Apepete nini, mlafi yule! Kunde zote alikwisha kuzila, limebaki kapu la Sungura. "Kapu moja litamfaa nani?" akajisemea, akalifakamia lote. Mara jiwe likabingirika, Fisi akatoka mbio, ulimi nje, machozi tele.

"Maji! Nakufa!"

"Pole, ndugu yangu," alisema Sungura. "Mbegu zangu huzitia pilipili ya kusaga. Ila fukusi wa kwangu huwa wadogo, hawana mkia."

Wanyama wakachungulia pangoni: maganda matupu. Swala akaangua kilio, "Wanangu watakula nini?" Simba akamkurupusha Fisi hadi ng'ambo ya vilima, akarudi kichwa chini.

Sungura alitungua kapu lake la jikoni, akamgawia kila mmoja konzi moja ya kunde. Simba alipewa wa mwisho, akapokea kwa mikono miwili.

Baada ya mavuno, moshi ulionekana ukitoka nyumbani kwa Simba, na ndani yake kikasikika kikohozi kikubwa cha kifalme.

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.