Ramani Iliyonukia Udi

Ilikuwa Jumatano, tarehe tano Novemba, saa nne na robo asubuhi, Bwana Tajdini, muuza vitu vya kale, alipobisha hodi kwa Bi Nunu, Mtaa wa Kuze, Mombasa. Nanyi mnaosikiliza, shikeni majina matatu nitakayoyataja sasa hivi, maana mwishoni nitawadai hukumu.

Bi Nunu aliishi na watoto watatu wa ndugu zake. Shufaa alijaliwa macho. Uzi uliochomoka kwenye leso ya jirani ulimnyima raha. Haidari, mjalidi aliyefunga misahafu majalada, alijaliwa vidole. Karatasi aliijua hata gizani. Mwatime alijaliwa pua. Ndiye aliyechanganya udi wa nyumba ile, mchanganyiko ambao mama humfunza binti na jirani hafunzwi.

Wiki hiyo walikuta juu ya kabati ramani ya Asia yenye maandishi ya Kiholanzi: kutoka Uajemi hadi visiwa vya karafuu, na baharini samaki wenye pembe. Ilifikaje pale, hakuna aliyejua, ila habari yake ilishazagaa mtaani.

Tajdini alidai kujua. Alisema ni nakala tu ya kiwandani, ila babu yake aliitundika barazani miaka mingi kabla ya kumwazima baba yake Bi Nunu. Anaitaka kwa kumbukumbu. Bi Nunu, asiyependa kulala na cha mtu, alikuwa keshanyoosha mkono kumpa. Shufaa akamwomba asubiri. Mgeni akaambiwa arudi baada ya alasiri.

"Akirudi nanyi hamna ushahidi, anaondoka nayo," Bi Nunu akawaambia. "Mkiiokoa, nampa mmoja wenu. Haikatwi kama mkate."

Shufaa aliikagua pembe kwa pembe. Hakuona tundu la msumari, na rangi ndani ya mikunjo ilikuwa mbichi. Kitu cha barazani huliwa na jua, akasema. Bi Nunu akajibu kwamba huenda kilikaa kivulini.

Haidari alifumba macho, akapitisha vidole. Kuizunguka picha yote kulikuwa na bonde jembamba: hapo bamba la shaba lililochongwa kwa mkono liligandamizwa kwenye karatasi. Si ya kiwandani, akasema. Mtu huyu anadanganya. Bi Nunu akakubali kwamba ni ya kale. Lakini ya nani?

Mwatime alikuja mwisho. Alikuwa ameichukua ndani, kwenye mwanga mzuri, alivyodai. Akaweka pua kwenye mkunjo.

"Udi wetu huu, shangazi. Ramani hii imelala kwenye kasha la bibi harusi wa nyumba hii, na cha kuazima hakitiwi humo."

Tajdini aliporudi, alinusishwa mkunjo, kisha kipande cha udi. Akaomba mwavuli wake, akaenda zake.

Jioni Shufaa alifuata kiberiti jikoni, mkono wake ukagusa chetezo cha kufukizia udi. Kilikuwa vuguvugu. Na nyumba ile hufukizwa usiku wa Ijumaa tu.

"Mwatime, leo umefukiza nini?"

"Nguo zangu. Au siku hizi hata nguo nikuombe ruhusa, bi askari?"

Haidari alicheka. Shufaa alitazama kambani: nguo za Mwatime zilikuwa bado zinachuruzika maji. Lakini Mwatime ana nguo nyingi. Na Shufaa alimjua shangazi yake: akisikia habari ya chetezo, angempelekea Tajdini ramani siku hiyo hiyo, uongo wa mgeni asiujali.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya chai, Shufaa aliifungua ramani, akanusa mkunjo. Udi. Ni wa miaka mia au wa jana, pua yake haikuweza kumwambia. Akaikunja kwa mikunjo yake ya zamani, akaiweka mapajani mwa Bi Nunu, na la chetezo hakulisema.

Bila macho pasingekuwa na shaka. Bila vidole, uongo ungepita. Bila pua, ramani ingekwenda. Bi Nunu bado ameishika. Je, wewe ungempa nani? Na kama udi ni wa jana, ungempa nani?